Watoto wa kulea Mara: Misaada inapoishia langoni mwa kituo

Na Mwandishi Wetu, Musoma

KILA zinapokaribia sikukuu za Krismasi, Pasaka na Idd, picha huwa ni ile ile katika miji ya Musoma na Bunda. Gari lililosheheni unga, mchele, mafuta ya kula, sabuni na katoni za biskuti linaingia katika lango la makao ya watoto. Wageni wanapokewa kwa nyimbo, risala fupi inasomwa, picha inapigwa mbele ya mifuko, na kabla ya jua kuzama wahisani wamekwishaondoka.

Hakuna ubaya katika safari hizo. Mchele ule huliwa na watoto, na sabuni ile hufua nguo zao. Lakini watoto wengi wasio na wazazi, au waliotengana nao kwa sababu moja ama nyingine, hawamo ndani ya lango lile. Wamo katika nyumba za kawaida za Nyasho, Bweri na Makoko, katika vijiji vya Butiama na katika mialo ya wavuvi ya Bunda. Wanaishi kwa bibi, kwa shangazi, kwa mjomba, kwa mama mdogo, na wachache wanaishi kwa watu ambao hawana undugu nao kabisa. Huko gari la sikukuu haliendi, kwa kuwa hakuna ubao wa jina barabarani wala mwenyekiti wa kusoma risala.

Mkoa wa Mara, ambao kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022 una wakazi zaidi ya milioni 2.3, una sababu zake za pekee za kulitazama jambo hili. Mojawapo ni wasichana wanaokimbia ukeketaji. Hao si yatima, wazazi wao wako hai, lakini kwa muda fulani, na wengine kwa miaka, hawana nyumba ya kurudi.

Bibi ndiye taasisi ya kwanza

Kabla ya kuwapo kwa sheria yoyote ya malezi, jamii za Mara zilikuwa na utaratibu wake. Mtoto aliyefiwa na baba alibaki kuwa mtoto wa ukoo. Miongoni mwa Wakurya, na hata kwa baadhi ya majirani zao, ipo mpaka leo desturi ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume, mara nyingi mjane, humtolea mahari mwanamke mwenzake ili watoto watakaozaliwa wahesabiwe kuwa wa nyumba yake. Watetezi wa haki wana hoja nzito dhidi ya desturi hiyo, hasa pale binti mdogo anapoozwa kwa mtindo huo. Hata hivyo inaonyesha jambo moja: kupata mtoto usiyemzaa si wazo geni lililoletwa Mara na wafadhili.

Janga la UKIMWI la miaka ya 1980 na 1990 liliutikisa utaratibu huo. Miji ya kando ya Ziwa Victoria na mialo yake ilipoteza watu waliokuwa katika umri wa kuzaa na kufanya kazi, na mzigo wa kulea ukawarudia wazee. Dawa za kufubaza makali ya virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na tangu hapo idadi ya watoto wanaoachwa na wazazi wote wawili kwa ugonjwa huo imekuwa ikipungua. Sura ya bibi wa miaka 70 mwenye wajukuu watano, hata hivyo, haijatoweka. Sababu zimebadilika tu: ajali, ndoa zilizovunjika, baba aliyefuata dagaa kisiwani au dhahabu Buhemba asirudi, mama aliyekwenda kufanya kazi za ndani Mwanza au Dar es Salaam.

Serikali imejaribu kuwafikia watu wa namna hiyo kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ambao kipindi cha pili cha mpango wake wa kunusuru kaya maskini kilizinduliwa Februari 2020. Kigezo cha mpango huo ni umaskini wa kaya. Mlezi aliyempokea mtoto wa mwingine huku akiwa na duka dogo au bodaboda moja anaweza kuonekana kuwa ana uwezo, hali yeye ndiye aliyeongeza mdomo mezani kwa hiari yake.

Miradi ya wahisani wa nje nayo haikuwa ya kudumu. Kizazi Kipya, mradi mkubwa uliofadhiliwa na Marekani kupitia USAID kwa ajili ya watoto walio katika mazingira hatarishi, uliendeshwa nchini kati ya mwaka 2016 na 2021. USAID yenyewe ilisitisha shughuli zake Julai 1, 2025. Swali la nani amsaidie mlezi limerudi nyumbani.

Kambo, kuasili na kuaminika

Sheria inayotawala mambo haya Tanzania Bara ni Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009. Ilifuta sheria kadhaa za zamani, zikiwamo ile ya kuasili watoto iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni na ile ya makao ya watoto ya mwaka 1968, ikaziweka habari zote za mtoto chini ya paa moja. Wengi huchanganya njia tatu ambazo mtu asiye mzazi anaweza kuzipitia.

Ya kwanza ni malezi ya kambo. Hapa mtoto aliyekuwa chini ya uangalizi wa makao au wa Ustawi wa Jamii anakabidhiwa kwa mlezi, lakini hakati uhusiano wa kisheria na wazazi wake wa kumzaa. Mlezi anatakiwa awe na umri unaozidi miaka 21, mwenye maadili mema na uadilifu uliothibitika, naye huchunguzwa na afisa ustawi wa jamii kabla na baada ya kumpokea mtoto. Lengo la kwanza ni kumlea mpaka hali ya kwao itengemae.

Neno lenyewe, ni lazima isemwe, halina bahati. Kwa Mswahili yeyote, “kambo” humleta kichwani mama wa kambo wa hadithi, yule anayempa mtoto wa mwenzake ukoko wa ugali. Wanaume na wanawake wema wanaobeba jukumu hili wangestahili jina lililo bora zaidi. Lakini ndilo lililomo katika nyaraka, na mwananchi akilisikia katika ofisi ya ustawi asishtuke.

Ya pili ni kuasili. Hapa uhusiano unahama moja kwa moja. Mahakama ikishatoa amri, mtoto anakuwa wa wazazi waliomwasili kana kwamba amezaliwa katika ndoa yao, na kwa mkoa ambao shamba na ng'ombe hufuata upande wa baba, maana yake si ndogo: mtoto huyo ni mrithi. Sheria inamtaka mwombaji awe na umri usiopungua miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Aliye ndugu wa mtoto amewekewa sharti jepesi kidogo la umri. Maombi hupelekwa Mahakama Kuu, yakiambatana na taarifa ya Ustawi wa Jamii, na ni marufuku fedha kupita mkononi kama malipo ya kumpata mtoto. Kabla ya Mahakama Kuu kuwa na kanda yake Musoma, jambo lililofanyika miaka ya karibuni, mwananchi wa Mara alikuwa akilifuata shauri la namna hiyo Mwanza. Nauli na malazi peke yake vilitosha kumkatisha tamaa mwalimu wa shule ya msingi.

Ya tatu ni familia za kuaminika, ambazo hupokea kwa muda mfupi mtoto aliyeondolewa katika hatari, kwa mfano aliyefanyiwa ukatili na mtu wa nyumbani kwake, wakati shauri likishughulikiwa. Familia hizo huteuliwa na kufundishwa mapema, ili mtoto akiletwa polisi saa tano usiku asilale katika benchi la kituo.

Wasomaji Waislamu watauliza kuhusu nasaba. Mafundisho ya dini yao yanahimiza kumlea yatima lakini yanataka abaki na jina la baba yake, na ndiyo maana Sheria ya Watoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inautambua utaratibu wa kafala. Kwa Mwislamu wa Musoma, malezi ya kambo ndiyo yanayokaribiana zaidi na msimamo huo, kwa kuwa hayagusi ukoo wa mtoto.

Katika njia zote hizi, jambo moja halibadiliki. Nchini Uingereza anayelea mtoto kwa niaba ya dola hulipwa posho kwa ajili ya mtoto huyo. Mlezi wa kambo wa Bunda hubeba gharama kutoka mfukoni mwake. Anapewa mtoto, anapewa masharti, anakaguliwa. Godoro anatafuta mwenyewe.

Desemba ya Butiama

Hakuna mahali ambapo pengo hili linaonekana kwa uwazi kama katika nyumba salama za mkoa huu.

Ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu mwaka 1998, ilipotungwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15. Pamoja na hayo, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, wakati wastani wa nchi ni asilimia 8. Utafiti uliotangulia, wa mwaka 2015 na 2016, uliikuta Mara katika asilimia 32. Kushuka kupo, lakini ni kwa mwendo wa kinyonga.

Katika koo za Kikurya, wazee wa mila ndio wanaotangaza msimu, na kwa desturi huangukia miaka inayogawanyika kwa mbili, hasa likizo ya Desemba shule zinapofungwa. Ndipo wasichana huanza kukimbia. Wengine hutembea usiku, wengine huongozwa na mwalimu au mchungaji, wengine hujisalimisha kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Rhobi Samwelly, mzaliwa wa Butiama ambaye alikeketwa akiwa msichana na nusura apoteze maisha, ndiye aliyelifanya jambo hili lijulikane mbali. Awali alisimamia nyumba salama ya Mugumu wilayani Serengeti, chini ya Kanisa Anglikana Dayosisi ya Mara, na tangu mwaka 2017 anaongoza shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, lenye nyumba salama katika wilaya za Butiama na Serengeti. Filamu ya “In the Name of Your Daughter” ya mwaka 2018 ilionyesha kazi yake kwa watazamaji wa nchi nyingi. Mjini Musoma, masista wa Kikatoliki wanaendesha kituo cha Jipe Moyo, ambacho nacho kimewapokea wasichana wa namna hii pamoja na watoto waliotoka mitaani. Huko Masanga, wilayani Tarime, kipo kituo kingine cha Kanisa Katoliki chenye jukumu hilo hilo.

Ambacho wengi hawakifahamu ni kinachotokea Januari. Msimu ukiisha, watumishi wa nyumba salama, polisi wa dawati na maofisa ustawi huwaita wazazi. Kikao hufanyika, na mzazi anayekubali hutia saini kwamba hatamkeketa binti yake wala kumwoza. Wengi wa wasichana hurudi kwao kwa njia hiyo, wakifuatiliwa.

Lakini wapo wazazi wanaokataa, au wasiofika kabisa. Mahesabu ya mahari yamo ndani yake: mahali ambapo binti asiyekeketwa huhesabiwa kuwa mtoto, huletewa ng'ombe wachache, na baba huona kwamba amemnyang'anya mali. Binti wa namna hiyo hubaki katika nyumba salama. Husomeshwa, hufundishwa ushoni au kompyuta, hula na kulala. Mwaka unapita, na mwingine unafuata. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya wiki chache za hatari inageuka kuwa bweni la miaka.

Hapo ndipo familia ya kulea inapohitajika, na hapo ndipo ugumu ulipo. Ndugu wa karibu yumo katika ukoo ule ule na anawaheshimu wazee wale wale. Jirani akimpokea binti, anaonekana kuwa amejiingiza katika ugomvi wa nyumba ya watu. Busara inaelekeza kumtafuta shangazi au mjomba aliyekwisha kuhamia mjini, au familia isiyo ya ukoo huo, mbali na kijiji lakini karibu vya kutosha ili mama wa binti aweze kuja kumwona moyo wake utakapolegea. Musoma na Bunda zinazo familia za namna hiyo. Zinachokosa ni mtu wa kuziambia kwamba hazitaachwa peke yao.

Godoro, sare na nauli

Msaada kwa familia inayolea unatofautiana na msaada kwa kituo kwa sababu moja kubwa: ndani ya nyumba wamo watoto wengine. Mhisani anayefika na viatu vya mtoto mmoja, akawaacha wenzake wanne wakitazama miguu yao mitupu, hakumsaidia mtoto yule. Amemtenga. Wanaofahamu kazi hii husaidia nyumba: vitanda vya watoto wote, vyandarua vya wote, gunia la mahindi la wote. Mtoto aliyekuja anapata fungu lake bila kunyooshewa kidole.

Elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne imekuwa bila ada tangu mwaka 2016, na kidato cha tano na sita kikafuata mwaka 2022. Hata hivyo sare, madaftari, chakula cha shuleni na nauli hubaki kwa mlezi. Kwa binti aliyehamishwa kutoka kijijini kwao kuna gharama ya kufuatilia uhamisho, na kama shule ya kata iko mbali, kuna hosteli. Matibabu ni mzigo mwingine unaomtia mlezi hofu kuliko ada. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo, lakini mlezi mwenye kipato kidogo anatakiwa ajilipie. Kundi la wafanyakazi wa ofisi moja likiamua kulipia bima ya nyumba tatu zinazolea, kwa mwaka mzima, limefanya jambo ambalo mchele wa Krismasi hauwezi kulifanya.

Gharama za karatasi husahaulika. Cheti cha kuzaliwa kutoka Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), safari za kwenda ustawi, wakili wa kuandaa maombi ya kuasili. Zipo familia ambazo zimemlea mtoto kwa miaka kumi bila karatasi hata moja, na siku baba mlezi anapofariki, ndugu wa marehemu humwambia kijana kwamba yeye hakuwa mtoto wa nyumba ile.

Njia ya kupitishia msaada ipo tayari wala haihitaji shirika jipya. Jumuiya ndogo ndogo za Kikatoliki, vikundi vya akina mama vya makanisa mengine na kamati za misikiti zinajua kila nyumba na kila mlango. Vikundi vya VICOBA huwa na mfuko wa jamii, ambao wanachama huuchangia kwa ajili ya misiba na magonjwa, na hakuna kinachozuia sehemu yake kumfikia mwanachama aliyempokea mtoto. Kila mtaa na kijiji kinatakiwa kiwe na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto, iliyotokana na mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili ulioanza mwaka wa fedha 2017/18. Kamati hizo ndizo za kuulizwa nani analea nani. Zilizo hai hujibu papo hapo. Zilizolala huamka zikiulizwa.

Anayependelea kusaidia makao naye asikatazwe. Aulize kwanza kama yana leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, kwa kuwa sheria hairuhusu makao yasiyo na leseni. Kisha aulize swali ambalo huulizwa mara chache: mwaka uliopita, watoto wangapi walirudi kwa ndugu au kwenda kwenye familia? Makao mema yatajibu kwa fahari. Yale ambayo hesabu yake ya watoto haipungui kamwe, kwa kuwa kila mtoto ni sababu ya mfadhili mmoja, yatabadilisha mazungumzo.

Mikono mitupu yenye ujuzi

Si kila mtu ana fedha, na si kila shida ya mlezi inatatuliwa kwa fedha. Halmashauri zina maofisa ustawi wachache kwa vijiji vingi, na ofisa mmoja hawezi kuikagua kila nyumba kila mwezi. Wanafunzi wa Chuo cha Maendeleo ya Jamii Buhare, kilichopo Musoma, wanasomea mambo haya haya na wako hatua chache kutoka mitaa yenye familia hizo. Mwalimu mstaafu wa Mwisenge anaweza kumfundisha jioni mtoto aliyekosa masomo ya mwaka mzima. Muuguzi anaweza kumwelekeza mlezi wa mtoto mchanga. Wanasheria nao, na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wanaweza kumwandalia mlezi maombi ambayo yeye peke yake hangeyaweza.

Mama aliyekwisha kulea watoto wa wengine ni mwalimu wa aina yake. Ndiye anayejua kwamba mtoto aliyenyimwa chakula alikotoka huficha mkate chini ya mto, na kwamba kumchapa kwa ajili hiyo ni kosa. Walezi wapya wakikutana naye mara moja kwa mwezi, chini ya mwembe au katika ukumbi wa kanisa, watapata ambacho hakimo katika fomu za ustawi.

Kuhusu wageni wanaokuja kujitolea, tahadhari inahitajika. Bunda iko kando ya barabara inayopita lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, na si ajabu mtalii akaomba kukaa wiki mbili na watoto kabla ya kurudi kwao. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio linalozitaka nchi zizuie madhara ya utalii wa kujitolea katika vituo vya watoto. Mtoto aliyekwisha kuachwa mara moja humzoea mgeni haraka, na kila mgeni anayeondoka humwacha tena. Mgeni mwenye moyo mwema afanye kazi na walezi au na watumishi, amwache mtoto na watu atakaobaki nao. Anayetaka kuasili, ajue kwamba sheria inamtaka mgeni awe ameishi nchini kwa angalau miaka mitatu mfululizo, na kwamba Tanzania haijajiunga na Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993 kuhusu kuasili watoto baina ya nchi.

Picha nazo zina sheria yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na sura ya mtoto ni taarifa binafsi. Kwa binti aliyejificha ili asikeketwe, picha moja mtandaoni, yenye jina la kijiji nyuma yake, inatosha kuwaonyesha njia wanaomtafuta.

Majirani wametangulia

Rwanda ilianza mwaka 2013 mpango wa kuwaondoa watoto katika vituo na kuwapeleka katika familia, ikitumia wajitoleaji wa vijijini kuzisindikiza nyumba zinazopokea. Kenya, ambayo Novemba 2014 ilisimamisha kuasiliwa kwa watoto wake na wageni, ilitangaza mwaka 2022 mkakati wa miaka kumi wenye shabaha kama hiyo. Wote wawili walisukumwa na ushahidi uliokusanywa muda mrefu, ukiwamo ule wa Bucharest nchini Romania, ambako tangu mwaka 2000 watafiti walilinganisha watoto wadogo waliobaki vituoni na wenzao waliopelekwa kwa walezi. Waliopata mlezi kabla ya kutimiza miaka miwili walikua vizuri zaidi kwa akili na kwa hisia.

Tanzania ina sheria inayokubaliana na mwelekeo huo. Ambacho haijafanya, na Mara ni mfano, ni kuifanya familia inayolea ionekane katika bajeti ya halmashauri na katika akili ya mhisani. Kituo kina jengo, nalo jengo linaweza kufunguliwa na mgeni rasmi. Hakuna mgeni rasmi anayealikwa kuzindua godoro la pili katika chumba cha bibi.

Mwananchi anayetaka kuwa mlezi wa kambo, kuasili au kuandikishwa kuwa familia ya kuaminika aanze katika ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yake, iwe Manispaa ya Musoma, Mji wa Bunda au Wilaya ya Butiama. Ataulizwa kuhusu kipato, afya, watu anaoishi nao na sababu ya kutaka mtoto, kisha nyumba yake itatembelewa. Asiwe na haraka, na asikubali njia ya mkato kutoka kwa mtu yeyote anayedai kwamba anaweza kumpatia mtoto bila ofisi hiyo. Mwenye taarifa za mtoto aliye hatarini, akiwamo binti anayeandaliwa kwa ukeketaji, apige namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto bila malipo, au aende katika dawati la polisi lililo karibu. Kwa wasichana ambao wazazi wao hawatafika kwenye kikao, mahali pa kulala na shule ya kuhamia hutakiwa vipatikane kabla ya muhula wa Januari kuanza.